Kurekodi lugha iliyobaki kwa wazee: anza na chungu, orodha ya maneno itafuata

Safari ya kwanza nilikwenda kwa bibi na daftari lenye maneno mia moja. Kichwa, jicho, maji, moto, mbwa. Tulikaa kibarazani kutwa nzima, mimi nasema neno kwa Kiswahili, yeye ananipa la Kikisi, lugha ya kwao, na jioni nikahesabu nimepata themanini na saba. Nilirudi Mbeya mjini moyo umejaa. Miezi michache baadaye nikamsomea mjomba wangu orodha yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno ni yake, lakini bibi yako haongei hivyo."

Safari ya pili sikuwa na orodha. Nilimkuta bibi na mdogo wake wamekaa chini, wanakanda udongo wa vyungu, wanabishana. Mmoja anasema udongo una mchanga mno, mwingine anasema mikono ya mwenzake ndiyo imechoka. Nilibonyeza simu, nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nikanyamaza. Katika robo saa ile nilisikia zaidi ya nilichopata kwa siku nzima ya maswali: namna wanavyokataa, wanavyodhihaki, wanavyoitana, majina ya aina za udongo, vitenzi vya mkono unaokanda na mkono unaolainisha. Lugha ilikuwa pale, inafanya kazi yake.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini ambaye lugha ya kwao imebaki kwa wazee, ana simu ya kawaida, na hana fungu la utafiti wala shahada ya isimu. Mifano yangu mingi ni ya Wakisi, watu wa ufukwe wa kaskazini mashariki wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, kuanzia upande wa Matema wilayani Kyela kwenda kusini hadi Ludewa. Vyungu vyao watu wengi wa Mbeya wanavifahamu. Wanawake ndio wanaofinyanga, na mitumbwi huvileta katika soko la Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema. Lugha ya mikono ile wachache wanaifahamu. Ni lugha ndogo, upande mmoja ina Kinyakyusa, juu milimani Kikinga, na Kiswahili kila mahali.

Neno hata moja la Kikisi halimo katika mwongozo huu, na sababu utaikuta kwenye hatua ya pili.

Hatua ya kwanza: kaa siku tatu bila kurekodi

Kabla ya kuwasha chochote, jua lugha ina hali gani. Nenda ufukweni asubuhi, nenda shambani, kaa msibani, kaa kwenye mashine ya kusaga. Sikiliza nani anaongea na nani kwa lugha gani, na lini wanabadilisha. Usimuulize mtu "unajua lugha yetu?" maana kila mtu atasema anajua.

Gawa watu katika mafungu matatu. Kuna wanaoongea wao kwa wao bila kufikiri. Kuna wanaoelewa kila kitu lakini wanajibu kwa Kiswahili. Kuna wasioelewa. Kwenye kijiji cha mama yangu, mtu mdogo kuliko wote katika fungu la kwanza alikuwa na miaka 61. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sina muda.

Fungu la pili watu hulidharau, nami nililidharau. Ni watu wa miaka thelathini mpaka hamsini na kitu, wanaona aibu kufungua mdomo kwa sababu walichekwa walipokosea. Hao ndio watakaokuwa masikio yako. Watakaa nawe jioni kueleza nini kilisemwa kwenye rekodi, na baada ya wiki kadhaa utawaona wameanza kujibu wazee kwa lugha yenyewe. Tafuta wawili wa aina hiyo mapema.

Siku hizohizo uliza pia kama kuna kitu kimeshaandikwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001, ukatoa atlasi ya lugha za nchi mwaka 2009 yenye lugha takriban 150. SIL, shirika linaloshughulika na lugha, lina ofisi Mbeya mjini na limefanya kazi ya maandishi na lugha nyingi za huku, zikiwamo Kisafwa, Kimalila na Kivwanji. Na wamisionari Wajerumani waliandika mapema kuliko tunavyodhani: sarufi ya Kikinga ilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1905. Ukipata karatasi ya zamani ya namna hiyo, ipeleke kwa wazee uwasomee. Wakikuambia "babu zetu walisema hivyo", umepata kitu. Wakicheka, nacho ni kitu, kiandike.

Hatua ya pili: ruhusa, na ruhusa ya kweli

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Nenda na mtu mzima wa ukoo wenu, usiende peke yako na begi mgongoni kama mgeni wa mradi. Kuna swali litakuja, na lijibu bila kukasirika: je, huu si ukabila? Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inasema wazi kwamba jamii zetu zitaendelea kutumia na kujivunia lugha zao za asili, na inahimiza watu kuzikusanya, kuzihifadhi na kuziandikia kamusi. Chapa ukurasa huo, uwe nao mfukoni. Mimi ulinisaidia mara mbili, mara zote kwa viongozi waliokuwa na nia njema ila walikuwa na wasiwasi.

Ruhusa ya ofisi ni mlango tu. Ruhusa yenyewe ni ya mzee. Mweleze kwa lugha yake, au kwa kinywa cha mtu wa fungu la pili, mambo manne: unarekodi nini, sauti itakaa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kukuambia ufute wakati wowote, hata baada ya mwaka. Kisha mwombe akubali kwa sauti, kifaa kikiwa kimewashwa. Kidole gumba kwenye karatasi ya Kiswahili ambayo hawezi kuisoma hakina maana kubwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu pamoja na jina lake ni taarifa zake, uwe umesoma sheria hiyo au hujaisoma.

Mimi nilipoomba, wazee walijadiliana karibu saa nzima. Wakanipa sharti moja: maneno yao yasitoke popote kabla daftari halijasomwa kijijini mbele yao. Daftari bado hatujalimaliza. Ndiyo maana hapa natoa mifano ya lugha za majirani ambayo kila mtu ameshaisikia.

Kuna mambo ya kutorekodi kabisa. Matambiko, dawa ambazo mganga anazitegemea kwa maisha yake, mafundisho ya wasichana, ugomvi wa mashamba. Mtu akianza kusema la namna hiyo akiwa amesahau kifaa, wewe usisahau. Zima, na umwonyeshe kwamba umezima.

Halafu suala la shukrani. Bibi anayekaa nawe Ijumaa hajachoma vyungu, na Jumamosi atakwenda sokoni mikono mitupu au asiende. Mpe kinacholingana na siku aliyoipoteza. Sukari, sabuni na chumvi ni heshima ya mgeni anapobisha hodi, usizihesabu kama malipo. Jadili malipo mapema, mbele ya mtu wa tatu, na toa kiasi kilekile kwa kila mzee ili usiache chuki nyuma yako.

Hatua ya tatu: vifaa, kwa ufupi

Simu yako inatosha. Pakua programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV, kwa sababu MP3 na sauti za WhatsApp hukata sehemu za sauti ambazo sikio la leo halizihitaji lakini mtaalamu wa kesho atazihitaji. Chagua 44.1 kHz, biti 16, sauti ya njia moja. Saa moja itakula kama megabaiti 320, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba saa nyingi kuliko utakazorekodi safari nzima. Ukipata maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, sauti itakuwa safi mara mbili. Maiki ifunike sponji au kipande cha soksi ya sufu, maana kando ya ziwa upepo wa alasiri unaingia kwenye rekodi kama mtu anayepasua karatasi. Makete na Mufindi upepo ni huohuo, na juu yake kuna mvua kwenye bati. Rekodi asubuhi.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya simulizi, mzee anakatika na haurudi uzi uleule.

Pawabenki mbili, zilizojaa. Usitegemee umeme wa jirani.

Majira nayo ni kifaa. Kyela mvua zake ni nyingi na zinaendelea mpaka Mei, na wazee wako shambani. Nenda kuanzia Juni, udongo ukiwa unakauka vizuri na watu wanachoma vyungu. Ukiwa Iringa au Njombe na kazi unayotaka kuifuata ni ugemaji wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mambo ni kinyume: mianzi inagemwa wakati wa mvua, kwa hiyo kiangazi utapata hadithi za ulanzi bila ulanzi wenyewe.

Hatua ya nne: chagua kazi moja, na wazee wawili

Hapa ndipo ninapotaka usimame muda mrefu kuliko mahali pengine.

Ukimuuliza mzee mmoja neno moja, anafanya tafsiri. Anatoka kwenye lugha yake, anaingia kwenye Kiswahili chako, anarudi na kitu kinachokaribiana. Bibi yangu nilipomuuliza "hiki mnakiitaje?" huku nimeshika chungu, alinijibu "chungu". Hakuwa ananidhihaki. Kwake mimi ni mjukuu wa mjini, na kwa mjukuu wa mjini hicho kinaitwa chungu. Alipokuwa na mdogo wake, kila umbo lilikuwa na jina lake: cha kupikia mboga, cha maji, cha pombe, kidogo cha dawa, kilichopasuka ambacho bado kinatumika kubebea moto.

Kwa hiyo chagua kazi ambayo wazee bado wanaifanya kwa mikono, na uifuate toka mwanzo hadi mwisho. Vyungu, ulanzi, kusuka mikeka au vikapu, kuchonga mtumbwi, kuvua usipa, kufukiza nyuki, kupika pombe ya ulezi. Kazi inaleta maneno kwa mpangilio wake yenyewe, na inaleta kitu ambacho orodha haitaleta kamwe, yaani sentensi za kulalamika, kuonya, kuamuru na kusifu.

Waweke wawili. Mtu akiwa peke yake anakuhutubia. Wakiwa wawili wanaongea, na wanasahihishana, na kusahihishana kwao ni dhahabu. Wawe rika moja, na wawe watu wanaotaniana. Chunguza kwanza uhusiano wao. Kwa Wanyakyusa, kwa mfano, mwanamke aliyeolewa kwa desturi alikwepa kukutana na baba mkwe wake, hakutamka jina lake, na hata maneno yanayofanana na jina hilo aliyabadilisha. Mzee wa kike aliyelelewa hivyo anaweza kukupa neno la kukwepea ukaliandika kama ndilo neno la watu wote. Ukiona neno la mtu mmoja halifanani na la wenzake, usiseme amekosea. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, kama kuna sababu ya kusema hivyo.

Siku ya vyungu yetu ilikwenda hivi. Asubuhi tulikwenda kuchimba udongo, na nilirekodi njia nzima, kwa sababu njiani ndiko majina ya mahali yalikotoka: mwamba huu, kijito kile, pale alipozama fulani. Nyumbani wakakanda. Bibi akafinyanga, akizungusha kazi yake juu ya kigae, akakwangua kwa gunzi la hindi, akalainisha kwa kokoto iliyong'aa kwa kutumika. Ile kokoto ni ya mama yake. Nilipoishika aliniambia niirudishe, kisha akasimulia dakika ishirini bila swali langu, jinsi mama yake alivyoivusha kwa mtumbwi alipoolewa, imefungwa kwenye pindo la nguo. Dakika ishirini hizo ndizo rekodi bora niliyonayo. Zina wakati uliopita wa jana, wa zamani na wa zamani sana, zina maneno ya watu wengine yakinukuliwa, zina kuimba.

Wewe kazi yako ni kunyamaza. Andika saa tu kwenye daftari: 10.42, kokoto. Maswali yana siku yake.

Hatua ya tano: maswali, kesho yake

Kaa na mtu wa fungu la pili mwenye masikio, sikilizeni rekodi, mkiweka alama pale msipoelewa. Halafu rudini kwa wazee na alama hizo. Sasa unauliza juu ya kitu walichokisema wao wenyewe, na majibu yanakuwa ya namna nyingine kabisa.

Maswali yanayozaa ni kama haya. Kuna aina ngapi, na unazitofautishaje? Kikiharibika kinaitwaje? Mtoto akifanya vibaya unamwambiaje? Nani haruhusiwi kufanya? Zamani ilikuwa tofauti wapi? Swali la kuharibika ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chungu kinaweza kupasuka motoni, kinaweza kuvuja bila ufa kuonekana, kinaweza kupinda kikiwa kibichi, na kila balaa lina jina. Waulize wagemaji wa Njombe kuhusu ulanzi uone: ule mtamu wa asubuhi ni togwa, ukikaa ukakomaa ukawa mkali ni mkangafu, na ule uliolala ukapita wakati wake nao una jina lake. Kinachokingia ni mbeta, kipingili cha mwanzi wenyewe. Kiswahili cha shuleni kingesema "pombe ya mianzi" kikaishia hapo.

Majina ya wanyama na mimea yaulizie porini, mguu kwa mguu. Picha za kwenye simu zinapotosha ukubwa, na mzee atataja kitu cha kukuridhisha. Na usiyachukulie kama mapambo. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Mlima Rungwe walisikia wenyeji wakimtaja nyani wa msituni aitwaye kipunji. Ilikuwa rahisi kudhani ni mnyama wa hadithi. Walimfuatilia, na mwaka 2005 dunia ya sayansi ikamtangaza kuwa aina mpya, mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi jipya la kisayansi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika kwa miaka 83. Jina lake la kisayansi ni Rungwecebus kipunji. Mzee wa Rungwe alikuwa na jina lake tayari. Ukikutana na jina ambalo hakuna anayejua tena ni la mnyama gani au mti gani, liandike hivyohivyo, na maelezo yote: anapolala, anavyolia, anachokula.

Hatua ya sita: kuandika ulichosikia

Kosa letu kubwa ni kuandika kila kitu kwa masikio ya Kiswahili. Kiswahili kina irabu tano na hakina toni. Kinyakyusa kina irabu saba, na urefu wa irabu unaweza kubadilisha maana. Kihehe na Kibena zina toni, sauti inapanda na kushuka na maana inabadilika nayo. Ukiandika yote hayo kwa a, e, i, o, u za darasani, maneno mawili tofauti yatafanana kwenye daftari lako, na mjukuu atakayelisoma hataweza kuyatenganisha.

Huhitaji kuwa mtaalamu. Fanya hivi. Kila unapohisi maneno mawili yanafanana, mwombe mzee ayaseme yote mawili mfululizo, mara tatu, polepole, na rekodi. Muulize: "Yanafanana au yanatofautiana?" Yeye anajua. Akisema yanatofautiana, weka alama yoyote unayoitaka, mstari chini ya irabu au rangi, mradi uwe na alama ileile siku zote na uieleze kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa irabu za ziada, lugha kadhaa za huku siku hizi zinaandikwa kwa ɨ na ʉ, i na u zenye mstari katikati. Kwa toni, mwombe mzee apige neno kwa mluzi au kwa mguno, midomo imefungwa. Wengi wanacheka kwanza, kisha wanafanya, na toni inabaki wazi bila neno kuifunika.

Nomino iandike pamoja na wingi wake, kila mara. Kwa Kinyakyusa mtu ni umundu na watu ni abandu, na ukiacha ile u ya mwanzo kwa sababu Kiswahili hakina, umekata kidole cha lugha. Kitenzi kiandike ndani ya sentensi nzima: nimefinyanga sasa hivi, nilifinyanga asubuhi, nilifinyanga jana, tulifinyanga enzi zile. Lugha nyingi za kwetu zina umbo tofauti kwa jana na kwa zamani, na hilo ndilo linalopotea la kwanza kwa watoto waliozoea -li- moja ya Kiswahili.

Kuna namna nyingine nzuri kwa rekodi ndefu. Mkalishe mtu wa fungu la pili na simu mbili. Moja inacheza rekodi ya bibi kipande kwa kipande, nyingine inamrekodi yeye akirudia kila kipande polepole na wazi, kisha akisema maana yake kwa Kiswahili. Kazi inakwenda haraka kuliko kuandika, na hata kama hamtapata muda wa kuandika yote, atakayekuja baadaye ataelewa kila neno. Ukiwa na kompyuta, programu ya ELAN, iliyotengenezwa na taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, inakuwezesha kuandika maneno chini ya sauti yenyewe, na ni ya bure. Ukiwa huna, daftari la kurasa 200 na kalamu ya wino usiofutika na maji vinatosha.

Hatua ya saba: jina la faili, na nakala tatu

Usiku huohuo, kabla ya kulala, badilisha jina la kila faili: tarehe, mahali, msemaji kwa herufi za jina, kazi. Kwa mfano 20240713_ufukweni_BM_kukanda. Kwenye daftari andika jina kamili la msemaji kama amekubali, alikozaliwa, mama yake alitoka wapi, alihamia lini, na nani wengine walikuwapo. Alikozaliwa mama yake ni muhimu kuliko kijiji anachoishi, kwa sababu lugha ya jikoni ni ya mama.

Nakala ziwe tatu, mahali patatu. Moja kwenye kadi, moja kwenye flashi inayobaki kijijini, moja kwako au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nilijifunza kwa maumivu. Nilikuwa na saa sita za babu mmoja mvuvi, majina ya pepo zote za ziwani na namna ya kuzijua kwa mawingu ya juu ya milima. Zilikuwa kwenye simu tu. Simu ikagoma kuwaka, nikampelekea fundi mmoja mjini, akaifuta yote ili iwake. Ikawaka. Nilirudi kijijini mwezi uliofuata nimejiandaa kumwomba babu radhi na kuanza upya, nikakuta wamemaliza arobaini yake.

Ukituma faili kwa WhatsApp, litume kama hati, usilitume kama ujumbe wa sauti.

Hatua ya nane: rudisha, mapema na mara nyingi

Usingoje kamusi. Kila baada ya safari, chagua dakika kumi, omba wenye sauti wakukubalie, peleka spika jioni watu wakiwa wamerudi. Anza na kinachochekesha. Hakuna atakayekaa kusikiliza orodha ya viungo vya mwili, lakini mabishano ya bibi wawili juu ya udongo yalijaza uwanja.

Ukitaka kurudisha lugha kwa watoto, omba kitu kidogo kinachowezekana. Sisi tuliwaomba mama watatu jambo moja: mtoto anapokwenda kwa bibi asubuhi, bibi asimwongeleshe Kiswahili mpaka uji uishe. Basi. Kiswahili atakipata shuleni, sokoni na kwenye simu, hakuna atakayekikosa. Wawili waliacha baada ya muda. Mmoja anaendelea.

Mtoto wa huyo mmoja ana miaka mitano. Alikuwapo jioni ile ya spika, amekaa kwenye mchanga mbele kabisa, anacheka watu wazima wanapocheka. Asubuhi yake nilimkuta ufukweni na kaka yake wanafinyanga tope, na ghafla akamgeukia kaka, mkono kiunoni, akamrushia sentensi nzima ya bibi: udongo wako una mchanga mno. Kaka hakuelewa. Bibi, aliyekuwa pembeni anapanga vyungu vya Jumamosi ndani ya mtumbwi, aliinua kichwa, akamsahihisha irabu moja, akamfanya arudie mara mbili, kisha akaendelea kupanga.